Kauri Tatu Kwenye Waya wa Gelle

Katika mji wote wa Wajir, mwaka ule wa 1966, palikuwa na mtu mmoja tu aliyeruhusiwa na sheria kushika waya wenye moto, na mtu huyo hakukubali yeyote asahau. Jina lake lilikuwa Mutiso. Leseni yake ya ufundi wa umeme aliitia katika fremu ya kioo, na fremu hiyo haikutundikwa ukutani kama wafanyavyo watu wenye akili timamu. Aliibeba kwapani. Alikwenda nayo kazini, sokoni na kanisani, ambako ilikaa kwenye benchi kando yake. Jumapili kanisa lilipojaa, waumini walisimama, lakini leseni haikusimama.

"Hujambo? Mimi ndiye fundi pekee mwenye leseni kutoka Isiolo hadi mpaka wa Somalia," ndivyo alivyosalimu, na mara nyingi alimaliza kabla mtu hajapata nafasi ya kusema hajambo.

Nyuma ya leseni kulikuwa na masharti, na Mutiso aliyajua kama Zaburi. Alilolipenda zaidi ni la tisa: fundi mwenye leseni akiona kazi ya umeme iliyofanywa na asiye na leseni, ataripoti kwa maandishi ndani ya siku saba, akieleza hali ya kazi na ajali yoyote iliyotokea, na asiporipoti, leseni yake itafutwa. Alilipenda kwa sababu halikuwahi kumgusa. Wajir ilikuwa na jenereta moja tu, ya serikali, na aliyeishika ni yeye. Kulisifu sharti la namna hiyo ni rahisi, kama kumsifu simba wa wilaya nyingine.

Kisha Gelle akapata barafu.

Gelle alikuwa na hoteli ya chai na anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, karibu na visima. Daktari mmoja wa mifugo, Mzungu, alipofunga mizigo arudi kwao, Gelle alinunua friji lake na kijenereta alichokuwa akizunguka nacho porini, na watu wote wakasema atalitumia friji kama sanduku la nguo. Kwa miezi miwili alilitumia kama sanduku la nguo. Halafu Mutiso akaenda Garissa kuchukua fyuzi, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa vita vya mpakani na barabara ilipitika kwa msafara wa askari tu, safari ya siku chache ilimla wiki tano. Aliporudi, vumbi likiwa mpaka kwenye kope, alikuta mji mzima unazungumza habari moja, na haikuwa habari ya vita.

Maji ya Wajir yana chumvi, na mgeni akiyanywa hupata shughuli ya haraka nyuma ya nyumba kwa siku tatu. Hayo ndiyo maji aliyoyagandisha Gelle, na hakuna aliyejali. Wazee walikuja kuyagusa wakaondoa vidole upesi, wakisema yanachoma. Kerrow, mfuga ngamia kutoka Eldas, alifunga pande zima la barafu katika kilemba chake ampelekee mama yake. Juma lililofuata alirudi kushtaki kwamba ameibiwa njiani.

"Fundo sijakuta limefunguliwa," alimwambia kila aliyemsikiliza. "Na kilemba amekilowesha. Huyu ni mwizi wa aina gani?"

Mutiso aliketi akanywa soda mbili baridi, moja baada ya nyingine. Baada ya ile ya pili, dhamiri yake iliamka.

"Gelle," aliuliza, "hili friji linakula nini?"

"Linakula stima, walaal, ndugu yangu."

"Na stima imefika vipi?"

"Imefika kwa waya."

"Na waya umefika vipi?"

Gelle akapangusa meza iliyokuwa safi tayari. "Wewe mtu ya maswali mingi, wallahi. Kunywa ingine, hii nakupa mimi."

Mutiso alipanda juu ya benchi, leseni kwapani, akaufuata waya kwa macho. Uliingia dirishani kutoka kibanda cha mikeka kilimonguruma kijenereta, ukapita kwenye boriti, ukashuka ukutani hadi kwenye friji. Alitarajia kuona uchafu. Maishani mwake alikwisha kuona nyaya zilizofungwa kwa plasta ya kidonda na nyingine zilizobandikwa kwa ugali. Hapa aliona kila kiungo kimezungushiwa kitambaa kilicholoweshwa utomvu kikakauka, na juu ya kitambaa pamesukwa nyuzi nyembamba za mizizi, zimebanana hata sindano isingepata pa kuingia. Uzuri wa ile kazi ulimuudhi.

Na penye kila kiungo palikuwa pameshonewa kauri nyeupe. Hapa moja, pale mbili, na karibu na friji kauri tatu. Mutiso alikuwa mzee wa kanisa. Aliona hirizi.

"Kazi hii ni ya nani?"

"Ya Adhe Gumato," alisema Gelle, na hilo Adhe kwa Waborana ni mama. "Yule anasuka gorfa."

Nani asiyemjua? Gumato alisuka gorfa, vyombo vya maziwa vya nyuzi, na haikuwahi kusikika kwamba kimoja kimevuja. Mutiso mwenyewe alikuwa nacho kimoja nyumbani. Alitilia misumari.

Alishuka, akaiinua fremu wote waione. "Hii ni kazi bila leseni. Nina siku saba za kuripoti."

Vikombe vyote vilirudi mezani. Havikurudi kwa heshima ya fremu. Mwaka ule waya haukuwa waya tu. Nuh, muuza majani ya chai, alikuwa amewekwa ndani wiki tatu kwa sababu ya dainamo ya baiskeli. Askari aliyeikuta mfukoni mwake aliandika, "Mashine ndogo yenye nyaya mbili, haijulikani," na siku zile kisichojulikana kilikuwa bomu. Baiskeli yenyewe ilikuwa imeegemea mlangoni muda wote ule, shahidi mwaminifu, ila hakuna aliyeiuliza.

"Walaal," Gelle alisema kwa sauti ya chini, "ukiandika, watakuja na bunduki. Watachukua friji, watachukua Gumato, watachukua mimi. Usipoandika, nani atajua?"

"Leseni itajua," alisema Mutiso.

Lakini usingizi haukumjia vizuri. Akinyamaza, leseni inakwenda. Akiandika, huenda mama wa watu akaenda. Asubuhi aliamua jambo ambalo huamuliwa na kila mwoga mwenye elimu: kwanza atafanya uchunguzi.

Alimkuta Gelle akimimina chai. "Zima mashine, nichunguze."

"Barafu itakufa."

"Asizime," alisema Kerrow, aliyekuwa amekaa mbele ya friji tangu alfajiri akililinda lisiibiwe tena. "Yangu iko ndani."

Basi Mutiso akachunguza mashine ikiwa inanguruma. Ni kosa, na alijua ni kosa, na sharti la nne linalikataza. Alichukua koleo lake lenye mishiko ya mpira, akasema, "Kwa jina la Yesu," akazing'oa zile kauri tatu za karibu na friji. Zilitoka pamoja na nyuzi, nyuzi zikatoka pamoja na kitambaa, na shaba ikabaki uchi. Aliweka kauri mezani mbele ya Gelle kama hakimu awekavyo panga la damu. Kisha akafungua daftari, akaandika, "Hirizi: zimeondolewa," na ili mwandiko uwe mzuri, akajiegemeza ukutani kwa mkono mwingine. Mkono ukaenda kupumzika pale pale zilipokuwa kauri.

Waliokuwapo wanasema hakupiga kelele. Aliimba. Ilikuwa noti moja, ndefu na safi, ambayo kwaya ya kanisa ilikuwa imeitafuta kwake miaka miwili bila mafanikio. Halafu akaruka kinyumenyume, akapita juu ya benchi, akakaa kitako katika gunia la unga wa ngano lililokuwa wazi. Aliposimama alikuwa mweupe kuanzia paji la uso hadi soksi.

Kerrow alimzunguka, akimkagua.

"Wazungu wamerudi," alisema.

Gumato alipoitwa alikuja na gorfa ya maziwa mkononi na sindano yake ya kusukia kifuani mwa nguo. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyepita miaka hamsini, asiyeharakishwa na jambo lolote. Hakumtazama mtu. Alitazama juu ya friji.

"Nani ametoa macho ya waya?"

Hoteli nzima ikamgeukia yule mweupe.

"Wewe ndiye mwenye karatasi?"

"Ndimi, mama," alisema Mutiso, na unga ukamtoka kinywani pamoja na jibu.

"Na karatasi haikukwambia?" Akamsogezea gorfa. "Kunywa kwanza. Aliyepigwa na moto hapewi maneno kabla ya maziwa."

Alikunywa. Maziwa yalipofika chini, Gumato alimwambia Gelle azime mashine, na Gelle akazima bila kutaja barafu. Akavuta benchi, akaanza kushona upya huku akifundisha. Kauri moja ni waya unaorudi, umelala. Mbili ni waya unaoamka swichi ikiguswa. Na tatu?

"Haulali," walijibu wateja wote kwa pamoja, kama watoto wa madrasa.

"Hata kipofu," alisema Gumato, "akipapasa, kidole kinakuta kauri kabla hakijakuta shaba. Hii si dawa, fundi. Hii ni kusoma."

Mutiso aliuliza alikojifunza. Mumewe Dabasso, alisema, aliajiriwa miaka kumi na mmoja kuangalia mashine kwenye kambi ya kuweka mifugo karantini. "Dabasso alikuwa na kazi, mimi nilikuwa na kazi yake. Halafu akahamia Marsabit kwa mke mdogo. Alichukua ng'ombe, akaniachia bisibisi. Kila mtu alipata anachokijua."

Mutiso alishika kiungo kimoja kilichokwisha kusukwa, akakivuta kwa makoleo mawili, mguu mmoja ukutani. Hakikusogea. Akakumbuka viungo vyake mwenyewe kule ofisini kwa DO, msaidizi wa mkuu wa wilaya, ambavyo aliviunga upya kila miezi mitatu kwa sababu ya vumbi, akilaumu vumbi. Akaona hapo si mahali pa kulisema hilo. Akajikung'uta, akaichukua fremu yake, akatoa sauti ya mtu anayegawa zawadi.

"Mama Gumato, mimi nimeamua. Nitanyamaza."

Gelle alimshika mkono kwa mikono miwili, akaita soda. Lakini Gumato hakuacha kushona.

"Utanyamaza kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," aliuliza, "au kwa ajili ya unga?"

Hoteli ilicheka hadi vikombe vikalia mezani, na aliyecheka zaidi ni Nuh wa dainamo. Mutiso aliona uso ukimwaka chini ya unga. Ni kweli sharti la tisa lilitaka ajali ielezwe, na ni kweli tangu alipotoka guniani hakuwa amefikiria kitu kingine.

"Adhe, acha," Gelle alimsihi. "Mtu amekubali kunyamaza, wewe unamwamsha? Nuh hakufungwa kwa sababu ya kuandikwa?"

"Nuh alifungwa kwa sababu aliandikwa na mtu asiyejua," alisema Gumato. "Huu waya utaonekana na askari, kama si leo ni mwezi ujao. Utauficha wapi, na mji mzima unakula barafu? Nataka anayejua auandike kabla hajauandika asiyejua." Akakata uzi kwa meno. "Na kazi yangu ikiwa mbaya, aandike mbaya. Nyumba ya mtu ikiungua kwa mkono wangu, siri ndiyo itakayoizima? Andika, fundi. Andika fundo, andika kauri, andika jina langu bila kulikosea. Serikali imeniandika mara moja tu, siku ya kuhesabu mbuzi, na hata hapo iliwaandika mbuzi vizuri zaidi."

Mutiso akaandika. Ilimchukua siku tatu, kwenye meza ya pembeni hotelini, kwa sababu kila ukurasa uliokwisha Gumato alitaka Gelle amsomee.

"'Wakati wa uchunguzi,'" Gelle alisoma, "'mchunguzi alipata mtikisiko mdogo.'"

"Mtikisiko gani?" alisema Gumato. "Uliruka."

Mutiso akafuta. Gelle akasoma tena. "'Mchunguzi aliruka hatua kadhaa.'"

"Akatua wapi?"

"Mama, hilo halihusu umeme."

"Ajali ina mwanzo na mwisho. Mwanzo umeandika. Mwisho ni gunia."

Akaandika gunia. Siku ya sita ripoti ya kurasa nne ilifika ofisini kwa DO, na siku ya saba, saa nne asubuhi, ripoti ikarudi hotelini mkononi mwa DO mwenyewe, na nyuma ya DO askari wawili wenye bunduki.

DO huyo, Bwana Lazarus, mtu wa Meru, alikuwa mwembamba, mwenye miwani mizito na desturi ya kusoma kila kitu kwa sauti hata kisichomfurahisha. Alisimama katikati ya hoteli. Hakuna aliyetafuna.

"'Viungo vya Bi Gumato ni imara kuliko vya mchunguzi,'" alisoma. Akamtazama Mutiso juu ya miwani. "Fundi, hii ni ripoti au ni barua ya posa?"

"Ni ripoti, bwana DO."

"Unasema asiye na leseni hajapigwa na stima wiki tano nzima, na mwenye leseni alipigwa siku ya kwanza."

"Ya pili, bwana. Siku ya kwanza nilikunywa soda."

Askari mmoja akatoa koleo mfukoni. "Bwana, amri iko wazi. Waya usio na kibali hukatwa na mwenyewe huchukuliwa."

Gelle alilikumbatia friji kama jamaa anayesafiri. Gumato alikaa, mikono mapajani, akimtazama Mutiso tu.

"Subiri," alisema Bwana Lazarus. "Fundi, kukata ni rahisi. Nikiuacha na hoteli ikaungua, kitu cha kwanza kuungua kitakuwa leseni yako. Nitaichoma mimi mwenyewe. Unatia sahihi kwamba kazi ya mama huyu ni salama?"

Mutiso aliitoa fremu kwapani. Aliifuta kioo kwa mkono wa shati, taratibu, kama mtu amwoshaye mtoto kabla ya kumpeleka bweni. Kisha akailaza mezani mbele ya DO.

"Nimekwisha kutia, bwana. Ukurasa wa nne, chini."

Bwana Lazarus alifungua ukurasa wa nne, akaiona sahihi. Akakunja karatasi, akainama karibu na friji aone hizo kauri zinazosemwa, na kama afanyavyo kila mtu anayetazama kitu kwa miwani mizito, akanyoosha kidole.

"Tatu," ilisema hoteli nzima.

Kidole kilisimama hewani. DO alikitazama kidole, akatazama kauri, akageuka kuwatazama wafuga ngamia, wabeba maji na wauza maziwa waliokuwa wamelisema neno hilo kwa sauti moja.

"Nani amewafundisha hawa?"

"Waya," alisema Gumato.

Bwana Lazarus aliketi. Gelle akamwekea soda, na hakuikataa. Kwenye uzio wa jenereta ya serikali, alisema, yeye mwenyewe aliagiza ubao wenye neno HATARI na picha ya fuvu, ukapakwa rangi mara mbili. Mwezi uliopita walimkuta mtu ameanika shuka lake juu ya nyaya. "Nilimuuliza, fuvu hujaliona? Akanijibu ameliona, alidhani ni picha ya DC aliyetangulia."

"Inafanana," Kerrow alisema, na kila mtu akajua shuka lile lilikuwa la nani.

DO alikunywa nusu chupa. "Nani hapa anaweza kuusoma ubao wangu?" Mikono miwili iliinuka, wa Gelle na wa Mutiso. "Na kauri?" Iliinuka yote, pamoja na wa askari mdogo wa nyuma, ambaye baadaye ilijulikana kuwa alikuwa akija kula barafu kila Ijumaa.

Sheria ilisema asiye na leseni aliyeripotiwa ataitwa apimwe na fundi mwenye leseni aliye karibu. Fundi mwenye leseni aliye karibu alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesimama hapo. Basi mtihani ukafanyika papo hapo, kati ya friji na gunia. Mutiso aliuliza maswali kumi na mawili. Gumato alijibu kumi na moja. La kumi na mbili alimrudishia aliyeuliza, naye hakulijua, kwa hiyo DO akaamuru liondolewe. Aliandika kibali cha muda kwa mkono wake, akakituma na nakala ya ripoti Nairobi ili wamtolee leseni kamili. Nairobi walisema wanalifikiria. Kisha akafungua fremu ya Mutiso, akaitoa leseni, akagonga muhuri nyuma, penye sharti la tisa: Ameripoti kwa wakati.

Tangu siku hiyo salamu ya Mutiso ilirefuka. "Mimi ni mmoja wa mafundi wawili kutoka Isiolo hadi mpaka wa Somalia," anasema, "na huyu mwingine ndiye hodari." Kila alasiri huenda naye kwenye jenereta ya serikali, ambako kwa amri ya DO kila waya unashonewa kauri. Mutiso hushona, Gumato hufumua, Mutiso hushona tena.

Nakala yake ya ripoti Gumato anaiweka ndani ya gorfa mpya, isipate vumbi. Wakipumzika huitoa, akampa Mutiso.

"'Kwa Bwana DO, Wajir,'" husoma Mutiso. "'Mimi, fundi mwenye leseni...'"

"Hapo pita haraka."

"'Kiungo cha kwanza, kwenye boriti, kimezungushiwa...'"

"Napo pia. Nakijua, nilikisuka." Hunyoosha miguu, akaegemea ukuta upande usio na waya. "Fungua pale pa unga. Pale soma polepole."